Majani ya Zizi la Zamani

…na hili nalo ni mchicha au si mchicha, Rhoda amechuchumaa, shina kalishika kwa vidole viwili, halivuti wala haliachii, jana hakujiuliza, jana alichuma tu, majani machanga ya bustani yao wenyewe, kiwanja chao cha Kizwite alichokinunua mumewe Andwele kwa faida ya mahindi, Serikali iliporuhusu kila mtu kuyanunua, na Andwele sasa hivi yuko Laela na magunia yake, angekuwepo, lakini angekuwepo angefanya nini, angecheka, kama alivyocheka siku wanahama Mbeya, Sumbawanga maana yake tupa uchawi, mke wangu, wameshautupa, unaogopa nini, haya, waliutupia wapi basi, si humu humu bustanini, maana Obedi tangu usiku anadaka vitu hewani, kuku, mama, kuku ukutani, na ukuta mtupu, uso umemwiva, mdomo mkavu, maji anaomba na kumeza hawezi, na macho yale, Bwana Yesu, mboni zimetanda jicho zima, mtoto anamtazama mama yake na hamwoni… "Mama Obedi, umeamkaje?" ni yeye, bibi Bertilla, ng'ambo ya ua wa matete, mtu mzima huyu akitembea hasikiki, "Shikamoo, bibi," salamu lazima, hata mchawi huamkiwa, "Marahaba. Mtoto simwoni kucheza leo," amejuaje, nani kamwambia, "Amelala, bibi," wala hajalala, kamfungia ndani na khanga kaitundika dirishani, anamsikia mpaka hapa akinong'ona na kuku wake, na amemwombea tangu alfajiri mpaka sauti imekauka, hospitali ampeleke wamwambie nini, mambo ya watu hayatibiwi kwa sindano, na mwenye mambo hayo si huyu hapa, kikulacho ki nguoni mwako, au ki ng'ambo ya ua wako, huyu aliyekuja siku ile ile vyombo havijashushwa, na maboga yake kwenye kikapu, akanyoosha kidole kwenye pembe ile, majani ya pale msiyaguse, Rhoda akapokea kwa mikono miwili, akashukuru, bibi alipogeuka tu maboga akayafukia nyuma ya choo, nani ale cha mtu wa Sumbawanga hajui kimesemewa nini, na yale maneno, msiyaguse, akayaweka moyoni, ana kitu kafukia pale, kiwanja tununue sisi na mwenye dawa awe yeye, basi jana akaenda makusudi, kwa jina la Yesu, akang'oa, hirizi hakuona, aliona mchicha umenawiri kuliko wote, akajaza sufuria ili amkomoe, Obedi akala akaongeza, yeye mwenyewe akabaki na maharage, mboga zilipoiva zilinywea zikawa kidogo na mtoto alizipenda… na bibi Bertilla anaongea, anaongea tangu lini, "…Wasukuma walilaza ng'ombe wao hapo miaka mingi, ardhi ya samadi huotesha kila kitu, na sisi huku magugu tunayafukia kwenye matuta yaoze, lakini hayo hata tutani hatuyatii, tunayachoma, nilikwambia siku ile ukanyamaza nikadhani umesikia, mbuzi wangu aliyala akawa anapigana na kivuli chake, mpaka…" mpaka nini, hakusikia, mpaka nini, jani limepondeka vidoleni, linanuka, mchicha haunuki hivi, ukingo wake una meno, mchicha hauna meno, mtoto wa shule angeona, ila yeye jana hakuwa anatazama majani, alikuwa anamtazama adui, na adui alikuwa anamwonya, hapana kilichofukiwa, hapana mkono wa mtu, ni mkono huu, sufuria yake, mwiko wake, kula mwanangu, ongeza, na bora bibi huyu angekuwa mchawi, Mungu anisamehe, bora angekuwa mchawi, mchawi hukemewa akaachia, jani linakemewaje, na asubuhi nzima imekwenda kwa maombi badala ya kukimbia na mtoto mgongoni, na kule ndani kuku wameisha, Obedi kanyamaza, mbona kanyamaza, shina bado liko mkononi, bado halijang'oka, na bibi Bertilla anautazama mkono huo…

"Bibi," anasema Rhoda, "yule mbuzi wako alipona?"