Nyuzi Mbili za Mkwe

Fundi mmoja wa cherehani, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Pindo kwa jinsi pindo zake zilivyonyooka, alikuwa na mkwe asiyejua Kiswahili. Mwanawe wa pekee alikwenda kufanya kazi ng'ambo, akaoa huko huko. Walipozungumza kwa simu, mwana alikaa katikati akitafsiri huku na huku, na mkwe akapunga mkono. Wakapendana hivyo hivyo, kwa kupungiana.

Asubuhi moja Mama Pindo alikuwa ameinamia suruali ya jirani yake, anaiongeza kiuno, simu ikalia. Akaiegemeza kwenye cherehani. Kwenye kioo akatokea mkwe, peke yake.

"Mama!" mkwe akasema, macho yamejaa machozi na mdomo umejaa kicheko. Kisha akamwaga Kiingereza kama mahindi yanavyomwagika kwenye gunia lililotoboka. Mama Pindo alidaka maneno mawili tu: gudi na nyuzi. Gudi alilijua. Na nyuzi ndiyo ilikuwa kazi yake, angekosaje kulijua?

"Nyuzi?" akauliza.

"Yesi, Mama! Gudi nyuzi!" Mkwe akainua vidole viwili.

Mama Pindo naye asikubali kushindwa. Akanyakua uzi mweupe mkono huu na wa bluu mkono ule, akaziinua mbele ya simu. "Gudi nyuzi!" akapaza sauti. Mkwe akacheka mpaka akajishika tumbo, akabusu kioo, simu ikakatika.

Moyo wa mama ukafunguka. Kumbe mkwe alitaka kushona! Miaka mitatu alikuwa akijiuliza watashika uzi gani wa mazungumzo, naye binti wa watu ameomba mwenyewe, tena nyuzi mbili tu, kwa adabu zake. Mbili? Akatafuta boksi, akapanga nyekundu, kijani, njano, zambarau, na ule wa dhahabu aliokuwa akiwaficha hata maharusi. Juu yake akaweka mkasi mdogo na sindano.

Alikuwa akifunga boksi kwa gundi mwenye suruali alipoingia. Huyu alisoma taarifa ya habari redioni miaka thelathini hata akastaafu, na mpaka leo hakuomba chumvi ila kwa sauti ya saa mbili usiku. Walimwita Sauti.

"Mama Pindo, suruali yangu imefikia wapi?"

"Ngoja, Sauti. Mkwe wangu anataka kuwa fundi!" Akamsimulia yote, mpaka na vidole.

Sauti akakaa polepole kwenye kiti cha wateja. "Hebu sema tena hilo neno. Kama alivyolisema yeye."

"Nyuuzi. Analivuta kidogo, lafudhi yake."

"Mama Pindo, hiyo si lafudhi. Nimekula mkate wa neno hilo miaka thelathini! Kwao nyuuz ni habari. Jambo jipya, ambalo mwenzako bado hajalisikia."

"Habari?" Akasimama na gundi mkononi. "Basi alikuwa na habari mbili."

"Hapana. Neno hilo mwishoni lina mlio wa wingi, lakini ni la umoja, na halihesabiki. Ni kama maji. Wewe husemi maji mawili."

"Sauti, vidole niliviona kwa macho yangu. Viwili!"

"Basi alihesabu kitu kingine. Hakutaja neno lolote jingine unalolikumbuka?"

Mama Pindo akafikiri. "Alikuwa akiniita bebi tu, hilo sikulihesabu. Bebi, bebi. Nikasema haya, ndiyo mapenzi ya wenzetu."

Sauti, mtu aliyesoma habari za vita na mafuriko bila kutetemesha ukope, akaweka mkono mdomoni. "Bebi ni mtoto mchanga," akasema taratibu.

Mama Pindo akaviangalia vidole vyake viwili mwenyewe, akaketi sakafuni palepale juu ya vipande vya vitambaa, akapiga kigelegele kilichomtoa kinyozi wa jirani na wembe mkononi.

Alipopiga simu, mwana naye alikuwepo. "Mama, ulisemaje tu gudi nyuzi, simu ikakatika? Mwenzio anakusifu, anasema umepokea habari kishujaa, umeshaanza kuchagua rangi za nguo za watoto!"

"Wewe nyamaza," mama akasema, anacheka na kulia pamoja. "Mpe mwenyewe." Mkwe akatokea. Mama Pindo akajikohoza, akamtazama Sauti, naye akamwitikia kwa kichwa. "Mai dota," akasema, "veri gudi nyuuz. Tuu bebi!"

"Tuu bebi, Mama!" mkwe akalia kwa furaha, na safari hii hapakuhitajika mtu katikati.

Suruali haikuisha siku ile. Mchana akaja mama mmoja mwenye zipu iliyokwama, akasema mlangoni kama watu wote wasemavyo wakipita, "Habari za leo, Mama Pindo?"

Siku nyingine angejibiwa nzuri, yakaishia hapo.

"Vuta kiti, dada," akaambiwa. "Tena vizuri umeuliza."