Oili ya Hadubini

Katika maabara ya serikali ya magonjwa ya mimea, afisa ununuzi aliitwa Bwana Tatu, na jina hilo alilipata kwa jasho lake mwenyewe. Ukitaka kalamu, atakwambia tupate wauzaji watatu tulinganishe. Ukitaka pazia, watatu. Siku moja Mkurugenzi alimwita haraka, watu wa masjala wakamuuliza kama na Mkurugenzi naye ameambiwa alete wenzake wawili. Bwana Tatu alicheka nao. Hakuwa mtu wa makuu, ila kwenye kanuni hapindi, na kwa miaka kumi na tisa hakuna mkaguzi aliyemkuta na faili lenye ukurasa uliopotea.

Jumatatu moja asubuhi mlango wake ulifunguliwa bila hodi. Aliyeingia ni Daktari, mtafiti wa kuvu, mama mfupi mwenye mwendo wa haraka, ambaye siku zote hukuulizia mpaka wajukuu ambao bado hujawapata. Siku hiyo salamu alizisahau nje.

“Bwana Tatu, nimepata kitu!” Akamwekea picha tatu mezani. “Hili jani la mahindi. Hili la maharage. Hili la muhogo. Unaona huu uzi?”

Bwana Tatu aliinama. Kweli, kila picha ilikuwa na kitu kama uzi mwembamba wa kijivu, kimejikunja mwishoni.

“Mimea mitatu tofauti, kuvu mmoja,” Daktari alisema, meno yote nje. “Sijamwona kwenye kitabu chochote. Mkurugenzi ameshaambiwa, na Ijumaa ijayo naueleza mkutano wa idara zote. Lakini ile hadubini kubwa imechoka. Picha zina ukungu, na meza yake ya kuwekea jani ukiisogeza inakwama. Nataka ifanyiwe matengenezo kabla sijapiga picha za mwisho. Nani anaihudumia?”

Bwana Tatu alifungua kabati, akapekua faili la hadubini, akakunja uso. Mkataba wa matengenezo ulikuwa umekwisha miaka miwili nyuma. Barua ya kukumbusha ilikuwa imeandikwa, ikapigwa mhuri, ikabaki ndani ya faili hilohilo.

“Hakuna anayeihudumia,” alisema kwa aibu. “Niachie mimi. Leo hii natangaza.”

Na alitangaza kweli. Ila kwa vile haraka ilikuwa imemkaba, alichukua tangazo la zamani la jenereta, akafuta neno jenereta kila lilipokuwa, akaandika hadubini. Akalisoma mara moja, akaona limenyooka, akalituma.

Jumatano alitokea mzabuni wa kwanza kuja kuangalia kazi: fundi magari, ovaroli imelowa grisi, begi la spana begani. Bwana Tatu alimpeleka mpaka chumba cha hadubini, naye akaizunguka mara mbili akiwa amejishika kiuno.

“Mzee, samahani,” akasema mwishowe. “Injini yake iko wapi?”

“Haina injini.”

“Sasa hii oili ninayotakiwa kubadilisha kila baada ya miezi mitatu, naimwagia wapi?”

Fundi wa maabara, dada mmoja mkimya ambaye kazi yake ilikuwa kuandaa vipande vya majani na kuvipiga picha, aligeukia ukutani, mabega yakimtetemeka. Fundi magari alikunjua karatasi na kusoma kwa sauti, bila kejeli yoyote: kubadilisha oili na chujio, kukaza mkanda wa feni, kupima moshi. Kisha akaikunja vizuri, akaaga kwa heshima, akasema ikipatikana yenye magurudumu wasisite kumpigia.

Kabla ya saa za chai habari ilikuwa imefika mpaka getini. Mlinzi alimuuliza Bwana Tatu kama hadubini imeshawaka.

Jioni alimsimulia mkewe huku ameshika tama. Mkewe alikuwa mshonaji, na wakati huo alikuwa amekifungua kifuniko cha cherehani yake, akitoa vumbi la nyuzi kwa kijiti na kitambaa. Alicheka mpaka akakiweka kijiti chini.

“Baba Pacha, hicho chombo umeshawahi kukitazama?”

“Nimekiona mara nyingi. Kina namba ya serikali ubavuni.”

“Sikuulizi namba. Umeshawahi kuweka jicho pale wanapoweka wenzako?”

Bwana Tatu alikuna kichwa. Miaka kumi na tisa, na hakuwahi.

“Basi umemtafutia mgonjwa daktari bila kujua anaumwa wapi,” mkewe alisema, akarudi kwenye vumbi lake. “Kesho nenda katazame. Halafu ndiyo uandike.”

Kwa hiyo Alhamisi, kabla hata hajafungua ofisi yake, Bwana Tatu alikuwa mlangoni pa chumba cha hadubini na daftari mkononi. Daktari na yule dada fundi wa maabara walikuwa wamefika.

“Daktari, nimekuja kuomba radhi kwa ile oili,” alisema. “Na nimekuja kufundishwa. Nionyeshe inavyofanya kazi, ili nijue ninachokiombea.”

Daktari alifurahi. Akamkalisha kwenye kile kiti kirefu, akamwekea kioo chenye kipande cha jani la mahindi, akamwambia asifumbe jicho moja kama mtu anayelenga shabaha. Mwanzoni Bwana Tatu aliona kope zake tu. Kisha akaona kijani. Kisha, Daktari alipozungusha kitufe kidogo, kijani kikagawanyika kuwa vyumba, vyumba vikapangana kama matofali, na katikati ya matofali kukawa na vijitundu vyenye umbo la midomo.

“Lo! Jani lina midomo!”

“Linapumua kwa hiyo. Na pembeni kulia, umeuona uzi wangu?”

“Nauona. Huu hapa umejikunja.”

“Sogeza jani sasa. Zungusha hiki taratibu.”

Bwana Tatu alizungusha. Meza ilikwama kidogo, ikaachia, na ile midomo ikaanza kupita mbele ya jicho lake, mmoja baada ya mwingine. Akasogeza kushoto. Akasogeza kulia. Akainua kichwa.

“Daktari, niulize swali la kijinga?”

“Uliza.”

“Mimi naishi na mshonaji. Uzi ukiwa umeshonwa kwenye kitambaa, ukivuta kitambaa, uzi nao unakuja. Hapa mbona kitambaa kinakwenda na uzi umebaki palepale?”

Daktari alimwondoa kitini, tena si kwa upole, akakaa yeye. Akasogeza huku na huku. Akalitoa jani kabisa, akaweka kioo kitupu kisicho na kitu. Akachungulia.

Uzi ulikuwepo.

“Dada,” alimwita fundi wa maabara bila kuinua kichwa, “zile picha ulizokuwa ukiniletea juu ofisini, ulisogeza jani ukiwa unapiga?”

“Hapana, Daktari. Meza inakwama. Nilikuwa naweka jani, napiga, natoa.”

Daktari aliinuka polepole. Bwana Tatu alidhani atalia, akaanza kutafuta leso mfukoni. Badala yake Daktari alipiga makofi mara moja, akacheka kicheko kilichomtoa machozi.

“Wiki tatu! Wiki tatu nashangilia uchafu wa lenzi! Wanafunzi wa mwaka wa kwanza nawafundisha jambo hili siku ya kwanza kabisa!” Kisha kicheko kikakatika. “Mungu wangu. Mkurugenzi. Mkutano.”

“Twende pamoja,” Bwana Tatu alisema. “Mimi nina oili yangu ya kukiri, wewe una uzi wako. Atagomba mara moja kwa wote wawili.”

Mkurugenzi aliwasikiliza hadi mwisho, kidevu kikiwa mkononi. Hakugomba. Alisema afadhali waumbuke humo ndani watu watatu, yeye akiwemo, kuliko ukumbini mbele ya watu mia mbili, akaiondoa mada ya Daktari kwenye mkutano, akaidhinisha tangazo la kwanza lifutwe na jipya litolewe. Lakini walipofunga mlango walimsikia akicheka peke yake.

Alasiri hiyo Bwana Tatu na Daktari waliandika tangazo upya, neno kwa neno, wakiwa wamekaa mbele ya hadubini yenyewe. Safari hii walijitokeza wanaoijua kazi, akachaguliwa fundi mmoja wa kike mwenye miwani minene. Siku ya kwanza kazini alikataa chai mpaka amalize. Alifungua lenzi moja baada ya nyingine juu ya kitambaa cheupe, akaimulika moja, akasema, “Huyu hapa.”

Wote wakasogea. Kwenye kioo cha lenzi kulikuwa na kitu mfano wa utando wa buibui.

“Siyo uchafu,” fundi alisema. “Ni kuvu. Mnaifunika na plastiki chumba kikiwa na unyevunyevu, basi ameona nyumba, amehamia.”

Daktari alishika mdomo. “Kuvu wa kweli?”

“Wa kweli kabisa. Yuko kila mahali, si mgeni. Nimfute?”

“Ngoja kwanza!” Daktari alikimbilia kabati, akarudi na kisahani chenye kifuniko na kijiti cha pamba. “Nipe kidogo nikamwoteshe. Nimemsifia wiki tatu, walau tufahamiane.”

Saa tisa kazi ilikwisha. Meza ya hadubini iliteleza bila kukwama, lenzi zilimeremeta, na fundi aliwaachia pakiti za chembechembe za kunyonya unyevu na tarehe ya kurudi, ambayo Bwana Tatu aliiandika kwenye kalenda ya ukutani kwa wino mwekundu. Daktari akaweka jani jipya la muhogo, akachungulia, akashusha pumzi ndefu ya raha.

“Njoo uone,” alimwambia Bwana Tatu.

Akakaa. Ukungu hakuna, uzi hakuna. Jani limetandazika safi, vyumba kwa vyumba, na alipozungusha kitufe lilipita mbele yake lote kwa utulivu. Alikwenda mpaka ukingoni, akarudi. Akaukuta mshipa, akaufuata ulikoelekea. Nyuma yake fundi alishafunga begi na chai ilishamiminwa.

“Bwana Tatu,” Daktari alimgusa bega, “hiyo hadubini nina kazi nayo.”

“Dakika moja tu,” alijibu, bila kuondoa macho. “Kuna mdomo mmoja hapa naona kama unataka kufunguka.”