Alama Juu ya Jina la Binti

Mzee aliyeingia kwenye kibanda changu cha kuchapa alitaka jina la marehemu binti yake lichapwe pamoja na alama yake. Mama wa binti alikuwa mgeni, na kwao ile e ya mwisho huvaa kistari cha mshazari kichwani. Karatasi ingebandikwa kwenye kibao cha kaburi, na gari la maiti lilikuwa limeshaondoka hospitali.

"Hilo halinishindi," nilimwambia. Herufi ile haina kitufe chake. Unashikilia kitufe cha Alt kwa mkono wa kushoto, unabonyeza 0233 kwenye tarakimu za upande wa kulia wa kibodi, ndipo unaachia. Ukiachia mapema, umepoteza.

Nilikuwa nimefika kwenye sifuri mkwewe, mume wa huyo binti, alipoingia. Mtaa mzima ulijua alivyokuwa akimpiga mkewe. Waliosema binti kaanguka bafuni akafa walisema bila kutazamana usoni.

"Madoido gani hayo?" akauliza, macho kwenye kioo cha kompyuta.

"Jina lake," mzee akajibu.

"Jina lake nililiita mimi, na mimi sikuwahi kuliita hivyo. Fundi, futa."

"Sifuti. Mwenye kazi ni mzee."

Alinikamata mkono wa kushoto, akautia kwenye droo ya meza, akaifunga kwa goti. Nilisikia vidole vikivunjika kabla sijasikia maumivu. Mzee akachukua stepla kubwa ya chuma akamtandika nayo mdomoni. Jino likaruka kwenye kibodi. Mkwe akamlalia mzee juu ya printa, akamkaba koo mpaka macho yakamtoka. Nikainua stuli kwa mkono uliobaki, nikampiga kisogoni, nikampiga tena alipokuwa ameshaanguka.

Kinyozi wa chumba cha pili akaja mbio, akamkalia mgongoni, wembe bado mkononi. "Tulia, shemeji. Mkono wangu ukiteleza utaondoka na sikio moja."

Simu ya mzee ikalia. Wamefika makaburini, kibao kinasubiriwa.

Nikatazama mkono wangu. Ulikuwa umevimba kama andazi, hauwezi kushikilia hata karatasi.

"Niambie nishike wapi," mzee akasema kwa sauti iliyokwaruza.

Nikamwonyesha Alt. Akaweka kidole. Damu ya mkwewe, iliyomrukia mkononi, ilitiririka ikaingia katikati ya vitufe.

"Usiachie mpaka nikwambie."

"Nikiinuka hapa nitakuua, mzee!" mkwe akafoka kutoka sakafuni.

"Ulishaua," mzee akasema, bila kugeuka.

Nikabonyeza tarakimu, moja baada ya nyingine. "Haya, achia."

Hakuachia. Kidole kilikuwa kimekakamaa pale. "Baba," nikamwambia taratibu, "achia sasa." Ikabidi nimwinue kidole kwa mkono wangu mzima. Herufi ikatokea, na kistari chake kichwani, nikaichapa karatasi.

Akaichomoa karatasi kwenye printa ikiwa bado na joto, akamruka mkwewe kama mtu anavyoruka dimbwi, akaenda kumzika mwanawe.