Mota ya Friji ya Kulthum

Mwaka ule wa kwanza wa Uhuru, watu wa Kakamega walitaka kujiona wakubwa. Karani aliyepandishwa cheo, mwalimu aliyepata shamba Lugari, kila mmoja alichukua picha yake ndogo ya studio akampelekea Barnaba aichore upya, kubwa, yenye rangi, ya kutundikwa sebuleni.

Mchana Barnaba alikuwa fundi wa kupaka magari rangi katika gereji moja mjini. Lakini furaha yake ilikuwa brashi ya hewa aliyoinunua kwa mpiga picha mmoja wa Kihindi aliyekuwa akihama. Ilikuwa na ukubwa wa kalamu ya wino, na ilitoa rangi laini kama pumzi ya mtu juu ya kioo. Shida ilikuwa hewa. Mashine ya kusukuma hewa ya gereji haikuruhusiwa kutoka gereji. Nyumbani, katika chumba chake cha kupanga, alitumia mpira wa ndani wa gurudumu la lori, na mkewe Mideva akiujaza kwa pampu ya mguu. Shavu la mteja likifika nusu, hewa imekwisha. Na Mideva alikuwa mjamzito.

Barnaba aliwahi kuunganisha pampu na injini ndogo ya petroli. Mwenye nyumba, Mzee Barasa, alikuja kabla injini haijapata joto.

"Barnaba, hapa ni nyumba ya watu ama ni kinu cha kusaga mahindi? Ukiwasha hiyo kitu tena, uhame nayo."

Mwezi wa Julai, Kulthum akaleta friji.

Kulthum alikuwa mzaliwa wa Mumias. Yeye na mumewe Yakub walikuwa na mkahawa karibu na soko, na friji ile waliinunua kwa afisa mmoja Mzungu aliyekuwa akirudi kwao. Ilikuwa imeacha kugandisha, na kila mtu alijua Barnaba alijifunza kutengeneza mafriji alipofanya kazi katika klabu ya Wazungu.

Aliifungua jioni hiyohiyo. Kosa alilipata upesi: swichi ndogo inayopima baridi ilikuwa imeungua. Akagusanisha nyaya mbili ili umeme uipite swichi, na mota ikaanza kazi. Barnaba aliweka kiganja juu yake. Ilikuwa ikitetemeka kidogo tu. Mideva alikuwa akimwimbia mtoto wao wa kwanza, Jescah, upande wa pili wa pazia, na kila neno la wimbo lilisikika.

Kulthum aliporudi siku ya tatu, Barnaba alikuwa amesimama mlangoni.

"Salaam aleikum, fundi. Mgonjwa wangu anaendeleaje?"

"Mota imekufa, dada."

"Imekufa kabisa?"

"Kabisa."

Kulthum akasema atalichukua kabati lenyewe la friji awekee unga, panya wasiufikie. "Hicho chuma kaa nacho. Maiti nitaipeleka wapi?"

Barnaba akacheka naye.

Kazi iliyofuata aliifanya vizuri kuliko kazi zote za maisha yake. Mota ilikuwa na mirija miwili, mmoja wa kuvuta hewa na mwingine wa kuisukuma. Ule wa kuvuta akaufunga kitambaa ili usivute vumbi. Ule wa kusukuma akauelekeza kwenye mtungi mtupu wa kuzimia moto, akautia mtungi saa ya kupimia hewa iliyotoka kwenye breki za lori, pamoja na vali ya kupumulia ili hewa ikizidi itoke yenyewe. Picha ya kwanza iliharibika, mota ikiitemea mafuta madoadoa usoni. Akaongeza kichujio cha dizeli kati ya mtungi na brashi, na madoa yakaisha. Mota yote akaikalisha juu ya vipande vya tairi, isiguse sakafu.

Mzee Barasa alipita akauliza ile kelele aliipeleka wapi. Mota ilikuwa inafanya kazi hatua mbili kutoka alipokuwa amesimama.

"Mungu akubariki," Mideva alimwambia mumewe, akinyoosha miguu yake iliyovimba. "Sasa nasikia hata uji ukichemka."

Wateja waliongezeka. Walitoka Khayega, walitoka hadi Ekero. Barnaba alipokutana na Kulthum njiani alikuwa akiuliza habari za mkahawa, akijibiwa kuwa ni nzuri. Akajiambia kwamba mtu anaweza kuuza chai bila friji.

Mwezi wa Oktoba Kulthum alikuja na picha ndogo ya mwanamke mzee mwenye ushungi.

"Ni mama yangu, Mwanasha. Nataka anitazame pale ukutani, kwa sababu nyumba imekuwa baridi bila yeye."

"Amesafiri?"

"Alichukuliwa na kaka yangu Ismael, Kisumu. Ana ugonjwa wa sukari, fundi. Dawa yake ya sindano inataka kuwekwa kwenye baridi, na friji yangu ndiyo hiyo ilikufa. Kwa Ismael kuna friji. Lakini Kisumu hataki. Kila barua anauliza, nitarudi lini kwangu?"

Barnaba hakuwa amejua habari za dawa. Hilo ndilo jambo la kwanza alilojiambia, na papo hapo akaona kwamba halimsaidii. Kulthum alikuwa ameketi kwenye kiti cha wateja, viatu vyake karibu vinagusa mtungi. Alitaka kutazama rangi ya kwanza ikiingia. Barnaba akawasha mota, kwa kuwa hakupata sababu ya kutoiwasha, akachora paji la uso la Mwanasha.

"Mashine yako haina kelele," Kulthum alisema. "Umejaliwa mikono."

Alipoondoka, Barnaba alimweleza Mideva yote. Mideva alisikiliza, kisha akainuka, akashika kiuno.

"Kumbe mimi nilikuwa napumzika juu ya machozi ya mama wa mtu," alisema. "Baba Jescah, rudisha."

"Nitarudisha. Acha sherehe za Jamhuri zipite, nimeahidi watu."

Sikukuu ya Jamhuri ikapita, na maombi ya picha za Krismasi yakaja. Kabla ya Krismasi alikwenda kwa Kulthum kuchukua kabati, akasema anataka kujaribu mota nyingine. Hata hapo hakusema kweli. Kulthum alimwaga unga wote kwenye karai, akilisifu jina la Mungu, na siku hiyohiyo akamwandikia Ismael amwambie mama afunge mizigo.

Kabati likakaa kwa Barnaba wiki mbili. Kulikuwa na picha tano za kumaliza.

Hatimaye aliing'oa mota, akabadilisha mafuta, akaunga tena mirija ya friji, akaweka swichi mpya, akaenda nayo Kisumu kwa lori la gereji kuijaza gesi ya baridi. Siku ya tano ya Ramadhani aliifikisha kwa Kulthum, juu ya mkokoteni. Mkahawa ulikuwa umefungwa. Yakub alifungua mlango wa nyuma.

"Mama tumemzika juzi, huko Kisumu," alisema. "Kulthum amerudi leo. Ingia."

Barnaba aliingia, akasimama mbele ya Kulthum aliyekuwa ameketi mkekani, na akasema yote, tangu swichi hadi picha tano. Hakuacha kitu.

"Siku ile nilipokaa kwako ukimchora," Kulthum aliuliza, "ulikuwa unajua mota ni yangu?"

"Nilijua."

"Na nikakusifu mikono."

Barnaba akaificha mikono yake nyuma ya mgongo.

"Sukari yake ilikuwa sawa," Kulthum alisema baadaye. "Daktari anasema ni moyo, na angeweza kufa hata hapa. Lakini angekufa hapa. Unanielewa, fundi? Angekufa mimi nikiwa nimemshika."

"Nisamehe, dada."

"Usiniombe leo. Leo sina."

Yakub alimsaidia kuishusha friji, kwa sababu peke yake asingeweza. Waliichomeka. Hakuna aliyesubiri kuona kama inashika baridi.

Barnaba aliendelea kuchora kwa pampu ya mguu, akiikanyaga mwenyewe. Kulthum aliitikia salamu zake barabarani kila mara, kwa adabu, wala hakuwahi kusimama.