Mayungiyungi ya Sebuleni

Muuza vifaranga vya samaki alikuwa amepiga magoti kando ya bwawa, kichujio cha chai mkononi, mdogo wake, dereva, aliposhuka kwenye tipa lake. Dereva akavaa buti za mpira, akaingia majini na kuanza kung'oa mayungiyungi.

"Unafanya nini, wewe?"

"Nasafisha, dada."

"Kuna uchafu gani humo?"

Dereva aling'oa shina jingine. Baba yao alikuwa ameusia mbele ya ukoo: bwawa ni la binti maadamu mayungiyungi yamo. Yakiisha, ni la kijana. Na kijana alitaka kulifukia, ajenge gereji.

Kufikia mchana maji yalikuwa uchi. Kwa kukosa kivuli cha majani yalishika joto, yakaanza kuvunda. Samaki wakapanda juu kutweta, na ndege mdiria akawaokota mmoja mmoja bila haraka.

Asubuhi iliyofuata mayungiyungi yalikuwa sebuleni kwa dereva. Maji yalifika magotini, majani yalitanda kutoka kwenye kochi hadi chini ya televisheni. Vyura walikuwa wameshataga. Vifaranga walijibanza kwenye kivuli, wazima. Mke wa dereva alikaa juu ya stuli akimenya viazi.

"Karibu, wifi. Vua viatu, usiwachafulie maji."

Baba mdogo, aliyefundisha sarufi mpaka akastaafu, akaitwa aamue. Alikunja suruali, akazunguka sebule nzima.

"Marehemu alisema yamo," muuza vifaranga alimkumbusha. "Si haya hapa, yamo?"

"Yamo," baba mdogo alikubali. "Yamo sebuleni. Lakini ile 'mo' ya marehemu ilikuwa ya bwawa, na bwawani hayamo."

"Na aliyeyang'oa je?"

"Hilo si swali la sarufi, mwanangu."

Jioni tipa lilimwaga kifusi cha mwisho bwawani. Muuza vifaranga alirudi na kichujio chake, akakunja gauni, akaingia sebuleni kupunguza majani yaliyozidi, ili mwanga uwafikie wadogo. Dereva aliinua miguu juu ya kochi kumpisha.

Mteja akasimama mlangoni na ndoo.

"Mama, vifaranga wapo?"

Muuza vifaranga akafungua mdomo.

"Wamo," alijibu dereva, macho kwenye televisheni. "Dada, hebu mvulie."