Treni Hii Ina Stelingi Mmoja

Usiku wa jana niliota mimi na mke wangu, Sikudhani, tumo katika stesheni ya picha za kauboi, na tangu mwanzo nilihisi kuna namna. Stesheni yenyewe ni ukuta mmoja wa mbao, umeegemezwa miti kwa nyuma. Nafungua mlango wa chumba cha abiria, natokea jangwani, kwenye vumbi jekundu. Naufunga tena. Mtu hufunga mlango hata kama hauna chumba.

Kichwa cha treni kinaingia. Ni cha zamani kweli, cha makaa ya mawe, ila bomba lake la moshi limefungwa kwa waya.

"Bomba hilo ni lako?" nakiuliza.

"La kuazima. Kila picha napewa bomba lingine, namba nyingine na jina lingine. Kazi ni kazi."

Mimi simwamini mtu mwenye majina matatu, seuze injini. Nikamwambia Sikudhani tusipande.

"Baba Chiku, umeanza," akasema, akapanda.

Tunapita kilima chenye mbuzi mmoja juu yake. Baadaye tunakipita tena. Mara ya tatu namwita kondakta, ambaye ni kofia tu, inaelea na koleo la kutobolea tiketi.

"Kilima hiki tumeshakipita."

"Kile kilikuwa Teksasi," kofia inasema. "Hiki ni Meksiko."

"Mbona mbuzi ni yule yule?"

"Mbuzi ana mkataba."

Abiria wote wananitazama kwa jicho la pembeni, nami nawatazama hivyo hivyo. Kofia inasimama katikati ya behewa.

"Mbele kuna daraja. Litalipuliwa, kama kawaida. Stelingi hafi, sheria hiyo mnaijua tangu vibanda vya video. Wengine wote, poleni. Leo stelingi ni mmoja tu. Ni nani?"

Sikudhani ananishika mkono. Anaogopa, na mimi naogopa zaidi yake. Nashuku ni mtego, kwamba atakayejitaja ndiye adui. Namtazama. Anafungua mdomo.

"Mimi," nasema, kabla hajasema.

Anauachia mkono wangu taratibu. Kofia inanipigia saluti.

Daraja likalipuka. Nilijikuta juu ya kichwa cha treni, ng'ambo ya pili, sijui nilifikaje. Nyuma mabehewa yalikuwa yakianguka moja moja, bila haraka.

"Usigeuke," kichwa kikaniambia. "Stelingi hageuki."

Sikugeuka. Niliona aibu, lakini nilikuwa hai.

Nilipoamka jua lilikuwa limeshatoka, na upande wa pili wa kitanda ulikuwa mtupu. Nilimkuta Sikudhani uani, ameketi kwenye kigoda, miguu ndani ya beseni. Maji yalikuwa yamegeuka mekundu kwa vumbi. Nikamwuliza ameamkaje.

"Sijalala," alisema bila kuinua macho. "Nimerudi kwa miguu."