Nyongeza ya Bi Nelva

Katika gari la chakula la Bi Nelva, mjini Maracaibo, hakuna aliyenunua arepa, mkate wa mahindi uliojazwa nyama, asidai nyongeza, na Yorvis fundi friji alikuwa bingwa wa kudai.

"Bi Nelva, huu ni mkate au kifungo cha shati?"

"Kula, mlafi we! Labda kitakufunga huo mdomo." Huku anamwongezea kijiko cha nyama.

Ijumaa moja Yorvis alichungulia ndani, akamwona Bi Nelva akila mkate mtupu. Sufuria ya nyama ilikuwa haina kitu. Aibu ikamshika. Kesho yake kijiko kilipokuja, alifunika sahani kwa kiganja.

"Leo inatosha, Bi Nelva."

Kijiko kikabaki hewani. Wateja wa Bi Nelva waliohama nchi, na hata wanawe wa kuwazaa, siku yao ya mwisho walikula hivyohivyo, kwa adabu, bila kudai kitu.

"Na wewe unaondoka, mwanangu?" aliuliza.

Yorvis akauondoa mkono haraka.

"Niende wapi na kifungo hiki? Hebu ongeza, mama, acha ubahili!"